Kulwa Yupo, Doto Yupo

Sogeeni, na mwenye mtoto amkalishe mahali anapomwona, maana hadithi hii haifai kusikilizwa huku mtoto yuko chumba cha pili. Kusimulia kuna mwenyewe. Kuamua ni kwenu.

Mjini Kahama palikuwa na mama mmoja, jina lake Milembe. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, ameolewa na fundi umeme aitwaye Ngassa, na amezaa pacha wa kiume, Kulwa na Doto. Majina hayo hayakuhitaji kikao. Kwao anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, hata kama kilichowatenganisha ni muda wa kumeza mate. Watoto hao walikuwa wamebakiza miezi miwili kutimiza miaka miwili, umri ambao mtoto ana miguu ya kumpeleka popote na hana akili ya kumrudisha. Walifanana kama mboni za macho. Baba yao alizidisha tabu kwa kuwanunulia nguo za aina moja, eti wapendeze. Aliyeweza kuwatofautisha kwa kuwatupia jicho tu alikuwa mama yao. Wengine wote walibahatisha.

Milembe hakuwa na kipaji chochote isipokuwa kimoja: hakumwamini mtu. Maziwa akiletewa na muuzaji wake wa kila siku aliyanusa mbele yake. Nguo zikianuliwa, alizikagua moja moja. Mumewe alimtania, "Wewe hata jua likichomoza utauliza limetumwa na nani."

"Na wewe umetumwa na nani, mbona hujui ulipoweka soksi?" angejibu, na kuendelea na kazi.

Lakini pacha hawalelewi na mtu mmoja. Ukimvalisha huyu suruali, yule ameshavua yake na kuitumbukiza kwenye ndoo. Kwa hiyo nyumbani kwa Milembe walikuwepo wanawake watatu wa kusaidia, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Bibi Kwandu, mama yake Ngassa, aliyekuja kutoka kijijini wajukuu wakiwa na siku saba na hajarudi mpaka leo. Kipaji chake kilikuwa masikio. Akiwa uani angesikia ugali unavyosongwa jikoni, akasema, "Huo bado mbichi, ongeza moto." Aliwaita wajukuu wake waume zangu, kama ilivyo desturi ya bibi, na walipogombana usingizini alijua nani kaanza.

Wa pili alikuwa Limi, mdogo wake Milembe wa tumbo moja. Kipaji chake kilikuwa macho. Sindano ikidondoka kwenye mchanga, mtaa mzima ulimwita Limi. Angetazama viatu vyako akakuambia ulikopita, na kama ulidanganya, angecheka tu.

Wa tatu alikuwa Siwema, mpangaji wa chumba cha uani, mwanamke asiye na mtoto, muuza chapati. Kipaji chake kilikuwa mikono. Chapati aliigeuza kwa vidole kwenye chuma cha moto. Bomba lililowashinda wanaume wawili yeye alilifungua kwa kanga iliyolowa. Kabla wewe hujamaliza kusema "jamani, tufanyeje," mikono ya Siwema ilikuwa imeshafanya.

Wanawake hao waliishi vizuri hadi Milembe alipopata kazi. Aliitwa awe mtunza ghala la mbegu, nje ya mji, mwendo wa saa nzima kwa gari. Kazi ilikuja na nyumba, na nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu. Ngassa alipima kwa hatua zake, akarudi na jibu: "Chumba kimoja chetu sisi. Cha pili watoto na mtu mmoja wa kuwaangalia. Mmoja, Mama Kulwa. Hata ukimlaza wa pili amesimama, hatoshi."

Na wote watatu walitaka kwenda. Bibi Kwandu alitaka kwa sababu kijijini alikuwa amemwacha mwanawe mkubwa, mlevi, ambaye alikuwa akimfokea mpaka majirani wanafunga madirisha. Limi alitaka kwa sababu jirani na ghala palikuwa na chuo cha ushonaji chenye masomo ya jioni. Siwema hakutaja sababu. Alisema tu, "Hawa watoto nimewazoea," kisha akageuza chapati.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na minong'ono. Bibi Kwandu alimvuta Milembe pembeni akamwambia, "Mkamwana, huyo mdogo wako ana mkono wa kufungafunga. Kila anachokiona wazi anakifunga. Juzi kamfungia kuku bandani hana maji." Limi naye akamwambia dada yake, "Dada, bibi anaacha kila kitu wazi. Siku moja watoto watakunywa mafuta ya taa." Siwema hakusema neno juu ya mtu. Milembe alimwogopa huyo kuliko wote.

Basi lazima mfahamu jambo moja kuhusu nyumba hiyo. Kwenye korido palikuwa na friza bovu, lile la kulala, refu kama kitanda cha mtoto. Halikugandisha kitu tena, bali Milembe alihifadhia mpunga, maana panya wa Kahama hula gunia, hula ndoo ya plastiki, ila friza huwashinda. Mpunga aliuchanganya na majivu ili usiingie wadudu. Kitasa cha friza hilo kilijifunga chenyewe kifuniko kikishuka, na ufunguo ulikuwa umepotea. Kwa hiyo pembeni mwa kifuniko waliweka gunzi la muhindi, ili kisishuke kabisa. Kila mtu wa nyumba ile alijua sheria ya gunzi.

Milembe alikuwa na sheria yake ya siri pia. Kila alipochota mpunga alichora alama ya msalaba kwa kidole juu yake. Na kwa miezi mitatu sasa, alama ile alikuwa akiikuta imevurugika, na mpunga umeshuka, wakati gunzi liko palepale na kifuniko hakijaguswa. Hakumwambia mtu. Alitazama tu.

Jambo la mwisho la kufahamu ni mwiko wa Bibi Kwandu. Katika ukoo wake, watoto hawahesabiwi. "Ukimwambia mtoto 'mmoja, wawili', umemwonyesha njia ya kupungua," alisema. Kwa hiyo katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kuuliza, "Wako wawili?" Waliitwa kwa majina. Kulwa yupo? Yupo. Doto yupo? Yupo. Ikatosha.

Sasa sikilizeni.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Milembe alikuwa chumbani anafunga mizigo. Bibi Kwandu alikuwa uani anageuza mpunga alioutoa kwenye friza na kuuanika kwenye turubai. Limi alikuwa karibu na bomba, anafua. Siwema alikuwa mlangoni kwake, anasukuma chapati.

Milembe akapaza sauti, "Mama! Kulwa yupo?"

"Yupo!" akajibu Bibi Kwandu. "Kapita hapa sasa hivi, ana kijiko changu."

Akafunga furushi jingine, akalitoa nje ya chumba, akarudi. "Limi! Doto yupo?"

"Yupo huku, dada! Anachezea povu!"

Baadaye kidogo moyo wake haukutulia. "Dada Siwema! Watoto wamekula?"

"Wamekula wote," akajibu Siwema. "Kaja huyu nikampa kipande, kaja yule nikampa. Wana njaa kama mchwa hawa."

Milembe akaendelea kukunja mashuka.

Bila shaka mmeshang'amua. Aliyepita na kijiko, aliyechezea povu, aliyekula chapati mara mbili, alikuwa mtoto mmoja. Alikuwa Doto. Alizunguka ua ule kama mtoza kodi, na kwa kila mtu akaitikia jina aliloitwa.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Bibi Kwandu. Doto alikuja akaketi pembeni ya turubai, akasema, "Tutu?" Hilo ndilo neno pacha wale waliloitana, wote wawili jina moja. Akanyamaza, akaweka kichwa upande. "Tutu?" Akanyamaza tena. Bibi Kwandu aliacha mikono juu ya mpunga. Katika miezi yote ile hakuwahi kusikia "Tutu" ya kwanza isifuatwe na ya pili. Akasimama kwa goti lake bovu, akapiga kelele, "Mkamwana! Toka! Huyu mume wangu anauliza, na mwenzake hamjibu!" Kama si masikio yale, ingepita nusu saa nyingine wakiitikiana yupo, yupo.

Milembe alitoka, akamtazama mtoto, akasema, "Huyu ni Doto. Kulwa yuko wapi?" Basi wakatawanyika. Wakatazama chini ya vitanda, wakatazama chooni, wakafunua pipa la maji, na Milembe alipolifunua pipa lile alifumba macho kwanza. Geti lilikuwa na komeo. Kwenye korido alipita mara mbili kando ya friza. Kifuniko kilikuwa chini na juu yake pana furushi la mablanketi, na yeye akaona friza lenye furushi, basi.

Wa pili alikuwa Limi. Yeye hakukimbia. Alimshika Doto mabegani, akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye kucha. Akamgeuza viganja. "Dada, huyu ana majivu," alisema. "Mpunga wa turubai umepepetwa, hauna majivu. Haya ni ya kwenye friza." Hapo hapo akakimbilia koridoni, akalisukuma furushi likaanguka, na wote wakaona gunzi liko sakafuni. Kitasa kilikuwa kimejifunga. Kama si macho yale, wangekuwa wanazunguka mtaani wakiuliza nani kamwona mtoto wa fulana ya njano.

Wa tatu alikuwa Siwema. Milembe alikuwa anapiga kifuniko kwa ngumi na kuita. Limi alikuwa anatafuta kisu. Bibi Kwandu alikuwa ameweka sikio kwenye bati la friza, anasema, "Simsikii. Simsikii." Siwema hakugusa kitasa. Alilivuta friza mbali na ukuta, akaingiza mkono nyuma, kwenye bawaba, akachomoa pini ya kwanza, akachomoa ya pili, akakinyanyua kifuniko kwa nyuma kikafunguka kama kitabu kilichoshikwa vibaya. Kulwa alikuwa amejikunja juu ya mpunga, amelowa jasho, midomo imebadilika rangi, kichwa kimeinama kama ua lililokatwa. Siwema akamlaza sakafuni, akamnyoosha shingo, akampulizia pumzi mdomoni. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu mtoto akakohoa, majivu yakamtoka puani, akalia kilio kimoja kirefu mpaka Doto naye, kule uani, akaanza kulia bila kujua kwa nini. Kama si mikono ile, wangesimama juu ya friza wakilia hadi fundi afike.

Zahanati walimpima, wakasema mtoto hana tatizo, arudishwe nyumbani, aangaliwe. "Aangaliwe vizuri, mama," mganga akarudia, akimtazama Milembe, na Milembe akaona majivu kwenye mikono yake mwenyewe.

Ngassa alifika mbio kutoka kazini, bisibisi bado mfukoni. Majirani walikuwa wamejaa uani. Alimpakata Kulwa, akampakata na Doto kwa tahadhari asije akawa amekosea, kisha akapaza sauti mbele ya watu wote: "Nimemaliza! Mjadala umekwisha! Aliyemwokoa mwanangu ndiye atakayekwenda nasi Jumatatu. Nimesema, na nyote mmesikia."

Majirani wakapiga vigelegele. Halafu vikakatika kimoja kimoja, maana wanawake watatu walikuwa wamesimama pamoja.

"Nimemwokoa mimi," alisema Bibi Kwandu. "Bila mimi nani angejua kuwa hayupo?"

"Shikamoo bibi, lakini kujua hayupo si kumpata," alisema Limi. "Bila mimi mngekuwa mnamtafuta mpaka sasa."

Siwema alifuta mikono kwenye kanga. "Mimi ndiye niliyemtoa," alisema.

Ngassa akajikuna kisogo. Akamgeukia mkewe. "Mama Kulwa, wewe ulikuwepo. Wewe sema."

Mtu mwingine angesema hapo hapo. Milembe alisema, "Nitasema Jumatatu," akaingia ndani. Kwa maana wenzake walipokuwa wakifikiri nani kamwokoa mtoto, yeye alikuwa anafikiri nani kamtia humo. Mtoto wa umri ule hawezi kunyanyua kifuniko cha friza. Mtu alikiacha wazi. Na mtu alikishusha.

Mchana huo huo aliwafuata mmoja mmoja.

Alianza na mama mkwe, kwa adabu, akiwa amepiga goti. "Mama, mpunga wa kuanika asubuhi ulitoa wewe?"

"Nilitoa mimi."

"Na kifuniko ulikirudisha kwenye gunzi?"

"Nilikirudisha. Nadhani nilikirudisha. Nilikuwa na ungo mikono yote miwili, mkamwana."

"Kile kifuniko kikijifunga kinalia paa, mpaka barabarani watu wanasikia. Wewe unayesikia ugali mbichi, hukusikia?"

"Siwema alikuwa anapiga chapati kwenye kibao. Pa, pa, pa, asubuhi nzima. Ningejuaje paa ipi ni ya friza?" Macho ya bibi yalijaa machozi. "Na kama nilikiacha wazi, kwa nini niliyepiga kelele ni mimi?"

Milembe akafikiri, asiyejitilia shaka hawi wa kwanza kutega sikio. Hakulisema.

Akamfuata Limi, ambaye kwake hakuhitaji goti. "Wewe, majivu uliyaona kwenye viganja gani?"

"Vyote viwili."

"Mimi nilipomwogesha Doto sikuona majivu."

"Nilikuwa nimemfuta na kanga yangu. Alikuwa analia, dada, anajipaka usoni."

"Na ulipolisukuma furushi, mbona hukushtuka gunzi kuwa chini? Wote tulishtuka. Wewe ulikuwa kama mtu aliyelijua."

Limi akaangusha shati alilokuwa anakunja. "Sema unachotaka kusema."

"Una tabia ya kufunga vitu."

"Ninayo! Na nani kanifundisha? Nimelelewa na wewe!" Kisha sauti yake ikashuka. "Nilipita korido kuchukua sabuni. Kama nilikiona kifuniko kiko wazi nikakishusha, mkono ulifanya wenyewe, mimi sikumbuki. Nikikishusha nakiweka kwenye gunzi, hilo naapa. Mtoto sikumwona. Korido ni giza. Ningemwona, ningekishusha?"

Jicho linaloona majivu kwenye kiganja halikumwona mtoto mzima ndani ya friza. Milembe aliyameza maneno hayo pia, na yalikwaruza.

Akamfuata Siwema. Alimkuta anaosha kibao cha chapati. Milembe alikuwa na pini za bawaba kwenye kiganja.

"Dada Siwema, asante kwa mwanangu. Sitaacha kusema asante." Akafunua kiganja. "Lakini hizi pini. Friza limekaa pale miaka minne, limepata kutu. Pini zake zingehitaji nyundo. Wewe ulizitoa kwa vidole kama anayetoa uzi kwenye maharage. Tena zina mafuta."

"Mikono yangu yote ina mafuta, Mama Kulwa. Nilikuwa nakaanga."

"Na ulijuaje uende nyuma? Sisi sote tulikimbilia kitasa."

"Kitasa kilikuwa kimefungwa."

"Mpunga wangu umekuwa ukipungua miezi mitatu. Gunzi haliguswi. Kifuniko hakiguswi mbele."

Siwema aliweka kibao chini. Akamtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayepima unga. "Tuseme ni mimi," akasema. "Tuseme mwezi ambao chapati hazikununuliwa nilichota bakuli moja, na mwezi uliofuata bakuli jingine. Tuseme nililainisha pini kwa mafuta ili zisipige kelele. Sasa niambie wewe: kama ningekuwa mwaminifu, mwanao leo angekuwa wapi?"

Milembe alifumba kiganja juu ya pini.

"Sisemi ni mimi," Siwema akaongeza. "Nasema tuseme. Lakini wewe umetuhoji wote, na hukuuliza moja. Kifuniko kikiwa juu ya gunzi hakijifungi. Lazima kitu kizito kikikandamize mpaka gunzi liruke. Lile furushi la mablanketi, Mama Kulwa, lilifungwa na nani?"

Milembe alisimama pale na pini zake. Furushi lilikuwa limefungwa kwa fundo lake, fundo la kukunja mara mbili ambalo hakuna mwingine nyumbani alilifunga. Alikumbuka kulifunga. Alikumbuka kulibeba kutoka chumbani, na kurudi akiita, "Limi! Doto yupo?" Alipolitua hapakumbuki. Mpaka leo hapakumbuki.

Jumapili nzima hakumhoji mtu. Alipika, akafua, akakaa kwenye kizingiti mahali ambapo angewaona watoto wote, na kila baada ya muda, kimoyomoyo, akavunja mwiko wa mama mkwe wake. Mmoja. Wawili. Mmoja. Wawili.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi gari la mizigo likasimama nje. Vitanda vikapakiwa, masufuria yakapakiwa. Friza liliachwa. Mbele, kando ya dereva, palikuwa na nafasi ya Milembe na watoto. Nyuma, juu ya magodoro, Ngassa na mtu mmoja.

Bibi Kwandu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitenge kipya kiunoni, anatazama ardhi. Limi alikuwa ameshika begi kwa mikono yote miwili. Siwema alikuwa amesimama mlangoni kwake, furushi miguuni, karai juu ya furushi. Doto akasema, "Tutu?" Kulwa akajibu, "Tutu," na wote watatu wakageuka kwa pamoja kumtazama yule aliyejibu.

"Mama Kulwa," alisema Ngassa, "niliahidi mbele za watu. Nitajie jina."

Milembe alijua hili: akiwatazama kwa walivyookoa, kila mmoja alistahili kupanda. Akiwatazama kwa walivyoponza, hakuna hata mmoja aliyestahili, na yeye mwenyewe angebaki. Na kibaya zaidi, alivyojitahidi hakuweza kutenga wema wa mtu na kosa lake. Aliyetoa mpunga ndiye aliyesikia. Aliyefunga ndiye aliyeona. Aliyeiba ndiye aliyefungua. Na huenda hakuna aliyetoa vibaya, wala aliyefunga, wala aliyeiba. Huenda ni fundo moja tu.

Haya, msikimbilie njia za mkato. Msiseme awachukue wote. Vyumba ni viwili. Msiseme aache kazi abaki nyumbani. Kama macho ya mama yangetosha, Kulwa asingeingia ndani ya friza. Wako wanaosema ampe mama mkwe, mtu mzima haachwi nyuma. Wako wanaosema damu yake ni Limi, na damu nzito. Wako wanaosema bora mwizi mwenye mikono kuliko mwaminifu anayelia. Na wako wanaosema aliyemwokoa Kulwa ni Doto, nao wana haki yao, lakini Doto hawezi kubaki na Doto.

Basi usimtafutie mtu zawadi. Kazi ya Milembe inaanza saa tatu kamili. Kuanzia saa hiyo hadi jioni, mlango wa nyumba ile ya vyumba viwili utakuwa umefungwa, na ndani watakuwa watoto wawili wanaofanana na mtu mzima mmoja. Dereva amewasha gari. Wewe, kama wangekuwa wako, ungeita jina la nani?